Ada ya Mwaka na Dua ya Msafiri



Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu wanafunzi, ninaiusia nafsi yangu kabla ya kuwausia nyinyi: tumche Mwenyezi Mungu katika swala zetu, na tumche pia katika mifuko yetu. Wapo wengi miongoni mwetu wanaoulizia hukumu ya kila kitu kinachoingia tumboni, lakini hawaulizi hukumu ya karatasi wanayoitia saini benki.

Mwezi uliopita, baada ya Isha katika msikiti tunaoswalia hapa Kasubi, mzee mmoja aliniita pembeni. Nitamwita Hajji tu. Ana duka la jumla kule Kikuubo, na mara mbili kwa mwaka husafiri kwenda Guangzhou kutafuta bidhaa, akipitia Dubai. Alikuwa na karatasi inayong'aa mkononi.

"Sheikh," aliniambia. Huniita hivyo kwa mzaha tangu nilipoanza masomo ya Kiislamu. "Wewe unasoma. Nisomee hii. Benki wananipa kadi ya wasafiri wakubwa. Ada yake laki sita kwa mwaka. Inafaa au haifai?"

Niliisoma pale pale chini ya taa ya baraza. Kadi ilikuwa ni ya mkopo. Unanunua leo, unalipa baadaye, na ukimaliza deni ndani ya siku hamsini hutozwi nyongeza. Kila shilingi elfu mbili unayotumia inakupa pointi moja, na pointi elfu sitini zinakupa tiketi ya ndege. Unaingia ukumbi wa mapumziko kwenye viwanja vya ndege bila kulipa mlangoni. Una bima ya safari. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo: asiyemaliza deni kwa wakati atatozwa asilimia ya deni lililobaki kila mwezi.

"Mama yangu hajaiona Makka," Hajji akaendelea. "Pointi zikijaa, nitampeleka Umra bila kulipa nauli. Unaonaje, mwanangu?"

Nikamwambia, "Hajji, nipe siku mbili."

Ndugu zangu, hapa niseme jambo ambalo ningependa kulificha. Huyu Hajji ndiye anayenisaidia nusu ya kodi ya chumba changu tangu mwaka wa kwanza. Hajawahi kunidai shukrani. Lakini nilipofika chumbani na kufungua vitabu, niligundua kwamba sikuwa natafuta hukumu ya Mwenyezi Mungu. Nilikuwa natafuta kauli ya mwanachuoni yeyote itakayomfurahisha Hajji. Niliipata haraka, na haraka ile ndiyo iliyonitia hofu.

Wapo wanavyuoni wa zama zetu wanaosema: mtu akiwa na yakini kwamba atalipa kabla ya muda kwisha, na akawa na haja ya kadi hiyo, basi sharti lile la nyongeza ni sharti batili lisilomdhuru. Wanategemea hadithi ya Bibi Aisha (r.a.) katika kisa cha Barira, ambapo Mtume (s.a.w.) alibainisha kwamba sharti lisilo na msingi katika Kitabu cha Mwenyezi Mungu ni batili, hata yakiwa masharti mia. Ni wanavyuoni wa heshima, na sina haki ya kuwadharau. Lakini Baraza la kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lililo chini ya Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiislamu, liliichambua kadi hii hasa katika kikao chake cha 12 huko Riyadh, Septemba 2000. Likaamua kwamba haifai kutoa wala kutumia kadi ya mkopo yenye sharti la riba, hata kama mwenye kadi ana nia ya kulipa ndani ya muda wa msamaha.

Kwa nini hata mwenye nia njema azuiwe? Kwa sababu mkataba ni ahadi. Anayetia saini anasema: nikichelewa, ninakubali kulipa riba. Tumefunzwa katika Suratul-Baqara, kuanzia aya ya 275, kwamba Mwenyezi Mungu amehalalisha biashara na akaharamisha riba, na kwamba asiyeiacha anatangaziwa vita na Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Na katika hadithi ya Jabir iliyopokewa na Muslim, laana haikumshukia mla riba peke yake. Ilimfikia mlipaji, mwandishi na mashahidi wawili, na wote wakahesabiwa sawa. Basi nitiaje saini karatasi inayonifanya mlipaji wa riba siku nitakayochelewa, nikisema tu kwamba sitachelewa?

Nani ana hakika kwamba hatachelewa? Wafanyabiashara wa Kikuubo wanajua. Mzigo hukwama Mombasa. Barabara hufungwa. Mteja uliyemkopesha huzima simu. Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa akijikinga kwa Mola wake na mzigo wa deni ndani ya swala, na alipoulizwa sababu alieleza kwamba mwenye deni akizungumza husema uongo na akiahidi huvunja ahadi.

Sasa tuingie kwenye swali lenyewe la Hajji: ile ada ya laki sita. Hapa wengi wetu hukosea kwa upande wa pili. Husikia neno ada ya benki wakapiga kelele: riba! Sivyo. Baraza lile lile la Riyadh liliruhusu benki kutoza ada maalumu wakati wa kutoa kadi au kuihuisha, kwa kuwa ni ujira wa huduma. Kutengeneza kadi, kuilinda, kuwasiliana na maduka ya nchi nyingine: hiyo ni kazi, na mfanyakazi anastahiki ujira wake.

Chukueni kipimo hiki, kitawafaa maishani. Ulizeni: je, ada inapanda mkopo unapoongezeka au siku zinapozidi? Kama haibadiliki, ukope usikope, basi ni ujira. Kama inakua pamoja na deni au pamoja na siku, basi ni riba, hata wakiiita ada, faini au gharama ya huduma. Na kipimo hiki, ndugu zangu, kisiishie kwa Hajji. Nani kati yetu hajapokea ujumbe wa mkopo wa simu saa sita za usiku, siku ambayo pesa za chakula zimekwisha? Ile "ada" inayokuwa kubwa unapokopa zaidi, na inayoongezeka wiki ya pili, mnaijua jina lake. Tusimhukumu mzee wa Kikuubo kwa kadi yake huku simu zetu mfukoni zina riba ndogo ndogo za kila wiki.

Na zile pointi na kile ukumbi wa mapumziko? Baraza liliporudi kwenye jambo hili huko Muscat mwaka 2004, liliruhusu mwenye kadi kupewa manufaa ya halali, kama vile kutangulizwa katika huduma au kupunguziwa bei ya hoteli na ndege. Viwango vya AAOIFI, taasisi ya Bahrain inayoandika kanuni za benki za Kiislamu, vinatahadharisha manufaa yaliyoharamishwa, kama bima ya kawaida ya kibiashara. Kwa hiyo zawadi yenyewe siyo tatizo. Mti ukiwa safi, matunda yake ni halali. Lakini huwezi kuchuma kwenye mti wa mkataba wa riba, ukaosha matunda kwa maji ya Zamzam.

Siku ya pili nilifanya jambo ambalo vitabu vya fiqhi peke yake havikuniambia nifanye. Nilichukua kalamu nikapiga hesabu. Katika Suratul-Furqan, aya ya 67, waja wa Mwingi wa Rehema wanasifiwa kwamba wanapotumia mali hawafanyi israfu wala ubakhili, bali husimama katikati. Huwezi kusimama katikati bila kujua ncha mbili ziko wapi.

Hajji ananunua bidhaa zake kwa kutuma fedha benki kwa benki, na Kikuubo watu hulipana taslimu au kwa simu. Anachoweza kukipitisha kwenye kadi ni tiketi, hoteli na manunuzi machache ya nyumbani: kama milioni ishirini kwa mwaka, kwa makisio yake mwenyewe. Gawanya kwa elfu mbili, utapata pointi elfu kumi kwa mwaka. Tiketi inataka elfu sitini. Hiyo ni miaka sita. Kwa miaka sita atakuwa amelipa ada ya milioni tatu na laki sita, ambayo ni zaidi ya nauli aliyoulizia ya kumpeleka mama yake Jeddah na kumrudisha. Tena ile karatasi inasema pointi zinakufa baada ya miaka mitatu. Yaani zitakufa zikiwa nusu ya njia.

Kinachobaki ni ukumbi. Akiingia mara mbili Entebbe na mara mbili Dubai kwa mwaka, kila kikao kinamgharimu laki moja na nusu: kiti laini, chai na keki. Sisemi ni haramu mtu kukaa kwenye kiti laini. Lakini mama hayumo katika hesabu hii. Mama alikuwa jina tu, limewekwa mbele ili karatasi ipendeze. Na Suratul-Israa, aya ya 26 na 27, inatuonya kwamba wabadhirifu ni ndugu wa mashetani. Sikuandika hilo kwenye karatasi ya Hajji. Niliandika kwenye yangu.

Baada ya Isha ya siku ile nilimkuta akinisubiri barazani.

"Enhe, Sheikh?"

Moyo wangu ulipiga. Nikamwambia: "Hajji, ada siyo haramu. Sharti lile la chini ndilo haramu. Na hata lingeondolewa, hesabu inakataa."

"Na nikilipa siku ya ishirini, kabla ya hamsini?"

"Bado umelikubali sharti, Hajji."

"Nitalipaje hoteli kule bila kadi?"

"Kwa kadi ya debiti inayokata akiba yako mwenyewe. Unalipa hoteli, unalipa tiketi, na deni huna."

Hoja ya dharura ingekuwa nzito zaidi kama mtu hangekuwa na njia nyingine. Lakini njia ipo. Hapa Uganda, sheria ya taasisi za fedha ilirekebishwa mwaka 2016 ili kuruhusu benki za Kiislamu, na mwaka 2023 Benki Kuu ikaipa leseni benki ya kwanza ya aina hiyo, Salaam Bank. Mwenye haja aanze kubisha hodi huko, asome mkataba, aulize.

Hajji alinyamaza muda mrefu. Kisha akakunja karatasi zote mbili, ya benki na ya hesabu yangu, akazitia mfuko mmoja wa kanzu. Akasema, "Basi tulale," akaenda zake. Alifanya nini na ile fomu, hajaniambia, wala sijamuuliza. Mwisho wa mwezi kodi ya chumba ilifika kama kawaida, na niliona haya. Nilikuwa nimeogopa siku mbili nzima, kana kwamba riziki yangu iko kwenye mfuko wa kanzu yake. Ninasoma Tawhidi darasani mwaka wa tatu huu, na imani yangu ilipimwa na laki chache za kodi.

Ndugu zangu, Uislamu ulifika Buganda kwa miguu ya wafanyabiashara. Ilikuwa 1844, zama za Kabaka Suna II, ndipo Ahmed bin Ibrahim alipofika kwenye kasri akiwa na bidhaa na dini. Mwana wa Suna, Kabaka Muteesa I, aliyezikwa hapa hapa kwenye kilima cha Kasubi mwaka 1884, alifunga Ramadhani miaka kadhaa. Basi biashara siyo pembezoni mwa dini yetu. Ndiyo mlango iliyoingilia, na ndiyo mlango inayoweza kutokea tusipoulinda.

Namaliza kwa hadithi ambayo kila msafiri aibebe pamoja na pasipoti yake. Abu Hurayra (r.a.) amepokea, na imo katika Sahihi Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) alimtaja mtu aliyesafiri safari ndefu, nywele zimetimka, amejaa vumbi, akiinua mikono mbinguni na kumwita Mola wake. Msafiri, mchovu, mnyonge: hali zote za kujibiwa dua anazo. Lakini chakula chake cha haramu, kinywaji chake cha haramu, vazi lake la haramu. Mtume akauliza: huyo atajibiwaje?

Mama wa Hajji akisimama mbele ya Kaaba siku moja, Inshaallah, atamwombea mwanawe. Ninataka dua ile ipite. Afadhali aende akiwa amechelewa mwaka mmoja, kwa nauli iliyowekwa kidogo kidogo, kuliko kufika mapema kwa tiketi yenye shaka.

Ewe Mwenyezi Mungu, tutosheleze kwa halali yako tusiihitaji haramu yako. Tuepushe na deni linalotufundisha uongo. Wape wazazi wetu ziara ya Nyumba yako wakiwa na afya. Wabariki wanaotusaidia kusoma, na utupe ujasiri wa kuwaambia ukweli kwa adabu. Amin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.