Picha ya Mwigizaji na Mzigo wa Ushahidi

Je, kitu kinachoonekana na kila mtu chaweza kuwa kimepotea? Swali hili linaibuliwa na picha ya rangi aliyoichora Oskar Kokoschka mwaka 1910, inayomwonyesha Tilla Durieux, mwigizaji mashuhuri wa jukwaa mjini Berlin. Kwa miongo mingi picha hiyo ilikuwa mali ya mji wa Cologne, Ujerumani, na umma uliitazama. Haikupotea machoni pa watu. Ilipotea mikononi mwa mwenyewe.

Mwenyewe alikuwa Alfred Flechtheim, Myahudi na mfanyabiashara wa sanaa, aliyeikimbia Ujerumani mwaka 1933 Wanazi waliposhika hatamu, akafia London mwaka 1937. Mwaka 1934 picha iliingia katika mkusanyo wa wakili Josef Haubrich, ambaye mwaka 1946 aliutunuku mji huo mkusanyo wake. Warithi wa Flechtheim walipoidai, ufuatiliaji ulikwama penye pengo: hati zilizosalia hazikudhihirisha mauzo yalifanyika katika hali gani.

Kanuni ya kale ya mahakama humtwika mdai mzigo wa ushahidi. Kanuni hiyo ina hekima yake, kwani pasipo nayo kila mwenye mali angeishi kwa hofu ya madai. Hata hivyo, inachukulia kwamba pande zote mbili zilikuwa na nafasi sawa ya kuhifadhi hati. Mkimbizi hakuwa nayo. Kumtaka aliyedhulumiwa alete karatasi ambazo dhuluma yenyewe ilizitawanya ni kuifanya dhuluma iwe hakimu wa kesi yake.

Mwaka 2013 tume ya ushauri ya Ujerumani ilipendekeza picha irudishwe kwa warithi, ingawa ushahidi haukukamilika, nao mji ukaridhia. Msimamo huo haulazimu Haubrich aitwe mwizi. Maana yake ni kwamba anayenufaika na ukimya wa kumbukumbu hana haki ya kuutumia ukimya huo kama hoja.

Durieux naye aliihama Ujerumani mwaka 1933. Sanaa ya mwigizaji wa jukwaani hutoweka pazia linapofungwa, bali uso wake uliochorwa hubaki. Lakini uso huo hausimulii umepita mikono ya nani, wala kwa ridhaa ya nani. Wajibu wa kuuliza, basi, ni wa kila anayeufurahia.