Mke wa Riwaya, Mke wa Jarida na Mke Uliye Naye



Katika semina moja ya wana ndoa parokiani, bwana mmoja alisimama akiwa na jarida la wanawake mkononi, akaliinua juu ili sote tulione. Jaladani palikuwa na msichana mwembamba mwenye meno meupe pe. "Padre," akasema, "hiki ndicho kinachoniharibia nyumba. Tangu mama watoto aanze kusoma vitu hivi amekuwa mtu wa kununa. Naomba Kanisa liyapige marufuku." Wanaume kadhaa walipiga makofi. Mkewe, aliyekuwa ameketi upande wa kina mama, hakusema neno mpaka alipoulizwa. Ndipo akaeleza kwamba alilinunua kwa muuza magazeti makuukuu karibu na steji, kwa sababu lilikuwa na ukurasa kuhusu presha. Miezi miwili kabla ya hapo alikuwa amepimwa kwenye zahanati, akaambiwa presha yake iko juu. Mumewe hakuwa na habari ya zahanati wala ya presha.

Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi, kwa maana swali la yule bwana si la kipuuzi. Je, picha ya mwanamke inayoingia nyumbani kwa njia ya maandishi yaweza kumharibu mke? Na kama yaweza, kosa ni la nani: la aliyeandika, la aliyesoma, au la aliyekaa kando asiulize?

Swali hili ni la zamani. Mwaka 1857 mwandishi Mfaransa Gustave Flaubert alishtakiwa mahakamani kwamba riwaya yake, Madame Bovary, imeudhi maadili ya umma na dini. Aliachiliwa. Baadaye Kanisa nalo likaitia riwaya hiyo katika orodha ya vitabu vilivyokatazwa, orodha iliyoondolewa mwaka 1966. Leo twaweza kuisoma bila hofu, nami naona wana ndoa wangefaidika nayo kuliko watu wengine wote.

Emma, anayesimuliwa humo, ni binti wa mkulima aliyesomeshwa na masista Waursula mjini Rouen. Mwanamke mzee aliyekuja shuleni kushona nguo aliwaingizia wasichana wakubwa riwaya za mapenzi kwa siri. Emma akaolewa na Charles, tabibu wa kijijini, mtu mpole na mchapa kazi. Hapo akajiandikisha kuletewa majarida ya wanawake. (Ndiyo, yalikuwapo hata wakati ule.) Akajua mitindo mipya na anwani za mafundi hodari wa nguo. Alinunua ramani ya Paris, akawa anatembea katika jiji hilo kwa ncha ya kidole.

Mama mkwe alipoona mambo hayaendi sawa, alitoa dawa ile ile ya bwana wetu wa semina: azuiwe kusoma. Aliamua kupitia mjini mwenyewe akavunje mpango wa Emma wa kuazima vitabu. Haikusaidia. Emma alipata wapenzi wawili, mmoja baada ya mwingine, na mfanyabiashara mjanja aliyemuuzia vitambaa na mapambo kwa mkopo. Alitia sahihi hati moja ya deni juu ya nyingine mpaka akadaiwa faranga 8,000. (Siku hizi mikopo ya namna hiyo huchukuliwa kwa simu, usiku, mwenzi amelala palepale kando.) Emma akala sumu. Binti yao mdogo aliishia kufanya kazi katika kiwanda cha pamba.

Wengi husoma habari hii wakasema, basi, huyo ni mwanamke mbaya. Mimi humtazama zaidi Charles. Hakumpiga mkewe, hakuwa mlevi, hakuwa na mwanamke wa nje. Alidhani Emma ana furaha kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa nayo. Barua za wale wanaume alizikuta baada ya mazishi. Majarida yalikuwa yakiletwa nyumbani kwake, na ramani ilikuwamo humo humo, lakini sioni mahali anapoketi na kuuliza, "Unasoma nini, mke wangu?"

Tuwe wakweli: kilichomwanza Emma ni riwaya, si jarida. Kwa hiyo siwezi kuwaambia kwamba riwaya zote ni njema na majarida yote ni mabaya. Kuna kina mama wanaompima mume wao kwa Darcy, yule bwana tajiri wa Pride and Prejudice ya Jane Austen ya mwaka 1813, wakisahau kwamba kitabu kile kinafungwa karibu na harusi, kabla karo za shule hazijaanza. Lakini riwaya nzuri hukaa na mwanamke mpaka deni lake linapodaiwa. Jarida humwacha dukani.

Na sababu yake si uovu wa waandishi. Bei unayolipa mara nyingi haitoshi gharama za kulitengeneza jarida. Linaishi kwa matangazo ya biashara. Anayeuza mafuta ya ngozi hana haja na mwanamke aliyeridhika na ngozi yake. Ndiyo maana mwanamke wa jarida hukatwa vipande: ukurasa huu nywele, ule kiuno, ule jiko, ule kitanda. Tena hubadilika kama soko. Betty Friedan, Mmarekani aliyewahi kuyaandikia majarida hayo mwenyewe, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1963 kwamba wanawake wa hadithi za majarida ya 1939 walikuwa watu wenye kazi zao, na kufikia mwisho wa miaka ya 1950 walikuwa karibu wote mama wa nyumbani. Sikubaliani na mama huyo katika mengi, ila hapa aliona vizuri. Mwaka 1965 Helen Gurley Brown akashika uhariri wa Cosmopolitan, na sasa msomaji akaambiwa raha iko ofisini na katika mapenzi yasiyongoja ndoa. Amri ziligeuka, sauti ya kuamuru ikabaki ile ile.

Hata hivyo, kurasa hizo hizo zimewafundisha kina mama wengi kujichunguza uvimbe kwenye titi, kuweka akiba kwa jina lao, na kwamba kipigo si sehemu ya ndoa. Walipokuwa wakilitafuta neno hilo, sisi wa parokia tulikuwa wapi?

Nanyi mabwana, msiogope jalada kwa ajili ya wake zenu tu. Ni nani kati yenu hajawahi kumpima mkewe kwa picha? Tarehe 8 Oktoba 1980, katika katekesi yake ya Jumatano, Papa Yohane Paulo wa Pili alifundisha kwamba mume aweza kuzini moyoni hata na mke wake mwenyewe, iwapo anamtazama kama kitu tu cha kutimizia tamaa. Fundisho hilo lilizua kelele magazetini. Lakini mke aliyezaa watoto wanne anaijua maana yake bila kufafanuliwa, anapoambiwa mezani kwamba amenenepa.

Asiyetaka kwenda mpaka Ufaransa anacho kitabu karibu. Marehemu Margaret Ogola, daktari wa watoto na Mkatoliki, alitoa The River and the Source mwaka 1994, na wengi wenu mlikisoma shuleni kwa ajili ya mtihani. Kisomeni tena bila mtihani. Kiuno cha Akoko si hoja humo. Tunaambiwa kwamba mama mkwe alimtaka Owuor Kembo aoe mke wa pili, naye akakataa. Kwamba Akoko, akiwa mjane, alisafiri mpaka Kisumu kudai haki mbele ya serikali ya wakoloni. Someni habari ya Owuor na mama yake kwa sauti, zamu kwa zamu, kisha mbishane kama alimtendea mamaye haki.

Yule bwana wa semina hakupewa marufuku yake. Alirudi kuketi, safari hii upande wa kina mama. Wakati wa chai nilimwona amelifungua jarida magotini, akisoma habari za chumvi.