Picha ni Amana ya Nani?

Studio ya picha inapofungwa, ni nini hasa kinachofungwa? Twazoea kutaja hasara ya mwenye duka peke yake. Lakini negativu zilizomo sandukuni mwake ni nyuso za maarusi, za watoto, na za wazee waliokwisha kututangulia.

Unguja, Ranchhod Oza alianzisha Capital Art Studio mwaka 1930. Mwanawe Rohit akairithi, na picha zikapata mlinzi. Si kila fundi huacha mrithi wa kazi yake. Kamera zisizotumia filamu, kisha simu, zimewapunguzia wateja. Mwaka 2012 hata Kodak ya Marekani iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai.

Je, fundi aweza kuzichoma negativu kwa kuwa ni mali yake? Kiutu, la. Aliyepigwa picha alinunua karatasi. Hakuuza uso wake. Sisi wa Isansa twajua kwamba Kimondo cha Mbozi, jiwe lililotoka angani, kinalindwa. Nyuso za mama zetu zimekosa nini? Kabla mlango haujafungwa, wenyewe waitwe wachukue zao. Zitakazobaki, wilaya izitunze.