Taa ya Kijani Isiwadanganye

Wanangu wa Gudele na Munuki hapa Juba, mliorudi kutoka Kakuma na Nairobi mkiwa na Kiswahili safi, nisikilizeni. Tangu mkongo wa intaneti ulipofika Juba mwaka 2020 kutoka upande wa Uganda, modemu zimeingia majumbani na madukani. Mawimbi yasipofika chumba cha nyuma, mtu hukimbilia sokoni kununua ruta. Hapo hakuna kosa. Kosa ni kuichomeka, kuona taa ya kijani, kisha kwenda zenu.

Modemu nyingi mnazopewa na kampuni tayari zina ruta ndani yake. Hugawia kila simu anwani, na mara nyingi zenyewe hutumia 192.168.1.1. Ruta mpya nayo huweza kutoka kiwandani na anwani hiyohiyo na kazi hiyohiyo. Hiyo ni nyumba moja yenye wakuu wawili: simu inasema imeunganishwa, ukurasa haufunguki, nanyi mnailaumu kampuni. Mwachieni mmoja amri. Modemu ikikubali, iwekeni iwe njia ya kupitisha tu, na waya wake uingie kwenye tundu la ruta lililoandikwa WAN. Isipokubali, zimeni ugawaji wa anwani kwenye ruta, ipeni anwani ambayo modemu haimgawii mwingine, na waya uingie tundu la LAN.

Zipo modemu zinazokariri kifaa cha kwanza kilichounganishwa nazo. Ukihamisha waya kutoka kompyuta kwenda ruta bila kuizima modemu, itamkataa mgeni. Zima vyote viwili, washa modemu, ngoja taa zitulie, ndipo uwashe ruta. Na msichanganye adapta: ya volti 9 na ya volti 12 huwa na kichwa kinachofanana, na ya 12 inaweza kuunguza kifaa cha 9.

Mkikosea hayo, mtakosa intaneti jioni moja, au mtanunua kifaa kingine. Ninaloliogopa hasa ni neno la siri la kiwandani, lile «admin» linalojulikana dunia nzima. Mwaka 2016 programu iitwayo Mirai iliteka ruta na kamera kwa maelfu kwa kujaribu orodha ya maneno ya aina hiyo, yapatayo 60 tu. Mwaka huohuo jeshi la vifaa vilivyotekwa kwa Mirai lilielekezwa Liberia, nchi iliyotoka vitani kama Sudan Kusini yetu, likaiangusha mitambo ya kampuni ya simu. Mwingereza aliyefanya hivyo, Daniel Kaye, alifungwa kwao Januari 2019. Wenye vifaa hawakujua kwamba vyao vilikuwa vitani.

Madhara hubaki nyumbani pia. Anayeingia kwenye mipangilio ya ruta yako anaweza kugeuza njia, ukaandika anwani ya benki ukapelekwa kwenye ukurasa wa bandia. Mama anayengoja fedha za mwanawe aliye ughaibuni ndiye atakayeumia.

Basi leo, kabla hamjalala, fungueni ukurasa wa ruta. Badilisheni neno la siri la msimamizi, si la Wi-Fi peke yake. Zimeni ruhusa ya kuisimamia kutoka nje, na kwenye ulinzi wa Wi-Fi chagueni WPA2 au WPA3. Fundi akimaliza kazi, mlipeni, mshukuruni, kisha badilisheni neno alilolijua.