Siri Iliyomo Ndani ya Hamira

Chota hamira kwa ncha ya kijiko, uitie kwenye unga wa maandazi. Hapo umebeba viumbe hai visivyohesabika, vidogo kiasi kwamba 200 vikipangwa mstari mmoja ni kama milimita 1 tu. Ndani ya kila kimoja Muumba ameweka jeni zipatazo 6,000. Mwaka 1996 wanasayansi walitangaza kuwa wamezisoma zote, herufi milioni 12. Lakini kusoma si kuelewa. Jeni nyingi hakuna aliyejua zina kazi gani.

Wakaanza kuziondoa, moja moja. Kumbe ukiondoa yoyote kati ya takriban 5,000, hamira haifi! Si kwamba jeni hizo ni za bure. Mara nyingi ipo nyingine inayoshika zamu yake, maana aliyeziumba hakuuacha uhai uning'inie kwenye uzi mmoja.

Basi katika Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, Charles Boone, Brenda Andrews na wenzao wakaondoa jeni mbili mbili. Roboti hugusa sahani kwa pini, ikaacha vidoa 1,536 vya hamira vimejipanga safu kwa safu, na kamera hupima ukubwa wa kila kidoa. Kilichodumaa kuliko ilivyotarajiwa kinatoa habari: jeni zile mbili zilikuwa zikisaidiana. Kufikia 2016 walikwisha kujaribu jozi zipatazo milioni 23, wakapata mahusiano yanayokaribia milioni 1.

Hakuna jicho la mtu linaloweza kuzipitia takwimu zote hizo. Kompyuta zikazilinganisha, zikaziweka karibu jeni zenye mahusiano yanayofanana. Waarabu wa Pemba hujuana kwa vilemba: jeni za kukarabati DNA zikakusanyika kwao, za kugawa seli kwao, za kutengeneza protini kwao. Jeni isiyojulikana ikiangukia kati ya zile za ukarabati, mtafiti anajua pa kuanzia. Na mpangilio ule, kwangu mimi hili ndilo la kusujudia, hawakuutunga wao. Waliukuta.

Hekima hiyohiyo imefika hospitalini. Seli ya saratani ambayo jeni yake ya BRCA imeharibika huegemea njia nyingine ya kukarabati DNA. Dawa ya olaparib, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2014, huivuruga njia hiyo, na seli ile ikafa.

Tena mwaka 2015 watafiti wa Texas walijaribu jeni 414 ambazo hamira haiwezi kuishi bila hizo, wakaweka za binadamu mahali pake, moja moja. Karibu nusu zilifanya kazi, na hamira ikaendelea kuishi kwa jeni ya mtu.

Ramani ile ya Toronto imewekwa wazi kwenye intaneti, bila malipo. Walimu wa biolojia, wafungulieni wanafunzi wenu waione.