Bilauri Safi Kwenye Meza ya Ulevi

Katika darasa zetu za baina ya Magharibi na Isha swali moja hurejea mara kwa mara, na aghalabu huletwa na vijana. Wauliza hivi: Mwislamu asiyegusa kileo afanya kosa gani akenda jioni kwenye baa iliyo ukingoni mwa maji, akaketi na wenziwe wanaokunywa, akaagiza samaki wake na sharubati yake ya ukwaju, akala, akazungumza, kisha akarejea kwake na akili zake timamu? Hakunywa kilicho haramu wala hakumdhulumu mtu. Basi dhambi yatoka wapi?

Swali hili lastahiki kujibiwa kwa hoja, si kwa ukali. Mwenye kuuliza amekwisha kuonyesha kwamba dini yake yamshughulisha. Akikemewa, mara ya pili hatauliza, atakwenda.

Na tuanze kwa uadilifu, tukiri yale yanayomvuta. Baa hizi, ziwe za Nyali, za Mtwapa au kwengineko katika mwambao wetu, zimechaguliwa mahali pazuri. Meza zimepangwa juu ya majukwaa ya mbao, maji yapita chini yake, upepo wavuma, taa si kali, na kaa na kamba waletwa wangali na moshi. Wala hakuna anayemharakisha mtu ainuke. Katika yote haya hamna hata moja lililo haramu kwa nafsi yake. Mwenyezi Mungu katika Sura ya An-Nahl, aya ya 14, aihesabu nyama laini ya bahari miongoni mwa neema alizotutiishia. Na Hanzala, mwandishi wa Mtume (S.A.W.), alipokwenda kwake akilalamika kwamba akiwa mbele yake huikumbuka Akhera, na akirudi kwa mke, watoto na shughuli zake husahau, Mtume hakumwambia awaache watu wake. Alimfahamisha kwamba mwanadamu ana saa ya hili na saa ya lile. Hivyo mwenye kudai kwamba starehe yote ni haramu aongeza katika dini jambo lisilokuwamo.

Walakini swali letu si la upepo wala la samaki. Ni la meza. Ndugu yetu ategemea hoja moja, kwamba dhambi ya ulevi hukaa kooni mwa mnywaji peke yake, na maadamu koo lake ni safi, naye ni safi. Hoja hii sheria yetu haikuikubali tangu mwanzo. Katika Hadithi iliyopokewa kwa Anas, Mtume (S.A.W.) aliwalaani watu kumi kwa ajili ya ulevi, na mnywaji ni mmoja tu kati yao. Wamo mwenye kuukamua, mwenye kuuchukua, mwenye kuchukuliwa, mwenye kuutilia watu, mwenye kuuza, na mwenye kula thamani yake. Hawa waweza wote wasiwe wamelowesha midomo yao. Sheria yautazama ulevi kuwa ni kazi ya watu wengi wanaoshikana mikono, na kila anayeushika mnyororo ana sehemu yake.

Ama kuhusu kuketi, hukumu iko wazi zaidi. Sura ya An-Nisaa, aya ya 140, yawakataza waumini wasikae pamoja na wanaozifanyia mzaha aya za Mwenyezi Mungu mpaka waingie katika mazungumzo mengine, na yahadharisha kwamba mwenye kukaa nao huwa mfano wao. Na katika Hadithi aliyoipokea Tirmidhi na wengineo, Mtume (S.A.W.) amemkataza mwenye kuamini Mungu na Siku ya Mwisho asiketi kwenye meza inayopitishwa ulevi. Imesimuliwa pia kwamba Khalifa Umar bin Abdul-Aziz aliletewa watu waliokamatwa wakinywa, akaambiwa kuwa mmoja wao alikuwa amefunga. Yeye aliamuru adhabu ianzie kwa huyo aliyefunga, akiitolea hoja aya hii ya An-Nisaa. Msomaji na afikiri: mtu yule hakuwa ameacha pombe tu, alikuwa ameacha hata maji!

Twaweza kuridhika hapa tukafunga kitabu. Lakini ni haki ya mwenye akili kuuliza: kwa nini? Kuna dhara gani katika kuketi tu?

Jawabu ni kwamba kuketi ni maneno. Mtu akichagua kukaa mahali kwa hiari yake, saa nzima au mbili, na uso wa furaha, amekwisha kusema jambo hata akiwa hakufungua mdomo. Na maneno hayo yasikiwa na watu watatu.

Wa kwanza ni yule mnywaji aliye Mwislamu. Mtu huyu ndani ya moyo wake bado ana haya, na haya hiyo ndiyo kamba ya mwisho inayomfunga na msikiti. Amwonapo mwenziwe anayeswali ameketi naye akicheka, kamba ile yalegea. Ajiambia kwamba lau lingekuwa jambo kubwa, fulani asingekaa. Hivyo bilauri ya sharubati imekuwa pazia la bilauri ya pili.

Wa pili ni kijana apitaye, au mtoto wa mtaani anayemjua yule bwana kwao. Mtoto haoni kilichomo ndani ya bilauri. Aona mahali na aona watu. Mafunzo yake ni kwamba huko ndiko waendako watu wazima waliofanikiwa, na siku atakayopata mshahara wake wa kwanza atakwenda huko huko.

Wa tatu ni yeye mwenyewe aliyeketi. Moyo hauchukii kwa muda mrefu kitu ulichokizoea. Siku ya kwanza harufu yamkera, siku ya kumi haisikii, siku ya thelathini ndiye anayelipa hesabu ya meza nzima kwa ukarimu, na katika hesabu ile mna thamani ya ulevi. Bado hajanywa, wala pengine hatakunywa kamwe. Lakini uchungu wa kuona haramu umemtoka, na huo ulikuwa ni sehemu ya imani yake. Wazee walisema bandu bandu huisha gogo.

Wengine husema: sisi twenda kwa kazi, wageni wetu na wafanyi biashara wenzetu hukutana huko. Hapa yatupasa tutenganishe haja na anasa. Msafiri ndani ya ndege ambaye jirani yake amepewa mvinyo hakuichagua meza ile, wala hana mlango wa kutokea. Mwenye kuitwa na mwajiri wake kwenye mkutano hotelini ana hali yake, na amuulize mwanachuoni amwaminiye. Lakini mwenye kumaliza kazi yake jioni, akawa na mji mzima mbele yake, kisha akaichagua meza hiyo, huyo hana dharura ya kuitaja. Na mgeni asiyekuwa Mwislamu hatumtukani kwa kinywaji chake. Twaweza kumkaribisha mahali petu, tukamlisha vizuri, naye ataheshimu desturi yetu kama sisi tunavyoiheshimu nyumba yake. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa gazeti la Sahifa hapa Mombasa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, aliwaonya wazee wetu wasiige kwa Wazungu anasa zao na huku wakiziacha elimu na juhudi zao. Onyo lile halijachakaa.

Wala asidhani mtu kuwa haya ni maneno ya masheikh tu. Tangu mwaka 1988 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limekitia kileo katika daraja ya kwanza ya vitu visababishavyo maradhi hayo. Na mwaka 1923 wa karne iliyopita haukuwa na ujuzi huo, lakini mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba hakuna kiasi cha kileo kiwezacho kuitwa salama kwa afya. Qurani, katika Al-Baqara aya ya 219, haikukanusha kuwa ulevi una manufaa kwa watu; ilisema kwamba madhambi yake ni makubwa kuliko manufaa hayo.

Hapa ndipo wengi wetu humaliza hotuba, na hapa ndipo sisi twaona kuwa jawabu limefika nusu tu.

Zingatia, ndugu msomaji, siku ulevi ulipoharimishwa Madina. Anas bin Malik alikuwa akiwatilia watu kinywaji cha tende nyumbani kwa Abu Talha, nao ni marafiki waliokutana kwa mazungumzo. Mpiga mbiu alipolingana, Abu Talha alimwamuru Anas aende akaumwage, na njia za Madina zikatiririka. Kilichomwagwa ni kinywaji. Urafiki wao haukumwagwa, wala nyumba ya Abu Talha haikufungwa milango. Kadhalika Mtume (S.A.W.) alipowatahadharisha Masahaba na kukaa njiani, walimwambia kwamba hawana budi na vikao vyao wanavyozungumzia. Hakuwakatalia haja hiyo. Aliwaambia waipe njia haki yake: kuinamisha macho, kuondoa maudhi, kuitikia salamu, kuamrisha mema na kukataza mabaya. Mafunzo haya mawili yaonyesha kwamba watu kupenda kukutana ni jambo la maumbile, na dini ilikuja kulisafisha, haikuja kuling'oa.

Basi sisi tumewawekea vijana wetu kikao gani? Baba zetu walikuwa na baraza za mawe mbele ya nyumba, kahawa chungu na haluwa, na mazungumzo mpaka Isha na baada yake. Baraza nyingi leo zimezibwa kwa maduka au zimebaki tupu. Na tuseme kweli zaidi: baraza ile ilikuwa ya wanaume. Kijana wa leo ataka kutoka na mkewe na wanawe, wakae penye viti safi, penye choo na mahali pa kutawadhia, wautazame mkono wa bahari bila ya kubughudhiwa. Njia za kwenda ufuoni katika sehemu nyingi zimezibwa kwa kuta za wenye viwanja. Akitafuta mahali pa namna hiyo, mara nyingi apatapo ni baa. Tumemwacha mwenye baa aumiliki upepo wa Mungu, kisha twamlaumu kijana kwa kuufuata.

Wala si kweli kwamba jioni ya pwani haichangamki bila ya kileo. Bustani ya Forodhani kule Unguja, iliyofunguliwa upya mwaka 2009 baada ya kutengenezwa, hujaa watu kila usiku kwa samaki wa kuchoma, urojo na maji ya miwa. Hapa Mombasa, ufuo wa Mama Ngina, uliotengenezwa na kufunguliwa mwaka 2019, hujaa jamaa kwa jamaa wakila mihogo kwa pilipili na ndimu na kunywa madafu. Watu hao hawakukosa raha.

Kwa hiyo twawaelekea kwanza wenye mali. Mkahawa mzuri ukingoni mwa maji usiouza kileo ni ibada na ni biashara. Mtasema kwamba faida kubwa iko katika chupa. Hatukatai, ndiyo manufaa yale yaliyotajwa na Qurani. Lakini faida ndogo ya halali, wakishirikiana watu watano au kumi katika mtaji, yaweza kusimamisha mahali pa heshima na kuwapa kazi vijana wetu ambao leo, kwa kukosa jingine, wabeba sinia za ulevi. Pili twawaelekea wazee wa mitaa. Leseni za vileo siku hizi zimo mikononi mwa serikali za kaunti; baa inapotaka kufunguliwa karibu na madrasa au msikiti, pingamizi lipelekwe mapema, kwa maandishi na kwa adabu, wala tusingoje mpaka muziki uanze. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tatu twawaelekea akina baba: watoeni watu wenu jioni, kaeni nao penye upepo, wazoee kuona kuwa furaha na swala hukaa pamoja.

Jawabu letu basi kwa aliyeuliza ni hili. Hukunywa, ndugu yetu, na Mwenyezi Mungu akulipe kwa kujizuia kwako. Lakini umeketi, na kuketi kwako kumesema usilolikusudia. Inuka. Na sisi tunaokwambia uinuke tuna deni kwako, kwani amwambiaye mwenziwe aondoke mahali yampasa amwonyeshe pa kukaa. Deni hili tusipolilipa, swali lako litarejea kwetu Siku ambayo hapatakuwa na darasa la kulijibia.

Na kuwafikishwa ni kwa Mwenyezi Mungu peke yake.