WAZO LA LEO: Hakimu Anayetupa Nafasi

Soma: Zaburi 7:11–16, Zaburi 51

Kwa miaka mingi pwani ya Tanga imeumizwa na uvuvi wa baruti. Mlipuko mmoja huua samaki wakubwa na wachanga pamoja, na kuvunja matumbawe yanayokua polepole mno. Anayelipua hujaza chombo chake leo. Kesho yeye, watoto wake na jirani yake wa kijiji cha Moa asiye na hatia wanarudi na nyavu tupu.

Zaburi ya 7 inamjua mtu huyu: amechimba shimo, ametumbukia mwenyewe. Mungu ni hakimu wa haki, na kilio cha jirani aliyedhulumiwa kinamfikia. Hata hivyo, Zaburi hiyohiyo inampa mkosaji nafasi ya kugeuka kabla upanga haujamshukia.

Mfalme Daudi aliitumia nafasi hiyo. Alimtwaa Bathsheba na kupanga kifo cha mume wake, Uria. Nabii Nathani alipomkabili, hakujitetea. Katika Zaburi ya 51 anakubali kwamba Mungu ana haki ya kumhukumu, kisha anaomba moyo safi.

Msalabani Kristo alibeba hukumu yetu, ndiyo maana tunathubutu kukiri. Lakini toba haiishii mdomoni. Zakayo, mtoza ushuru, alikuwa tayari kurudisha mara nne alichodhulumu.

Tendo la leo: Mwendee uliyemkosea, urudishe kilicho chake.

Sala: Ee Bwana, utuhukumu kwa haki, utugeuze kwa rehema zako. Amina.